Mnyororo Mrefu

Siku hizi mtu akifa hupandwa, akawa mti unaosikia maumivu. Ndiyo maana Atupele, mnoaji wa minyororo ya misumeno ya mafundi wa kupogoa miti, hana mchezo na kazi. Mingine huinoa kwa mashine. Wa kumpunguzia mumewe matawi huunoa kwa tupa, jino kwa jino.

"Shikamoo, mama. Leo zamu ya mzee," alisema fundi Gwamaka.

"Marahaba, baba. Bega la kulia mwende polepole, lilikuwa likimsumbua."

Akafungua mfuko aliouleta Gwamaka. Ndani hamkuwa na mnyororo mfupi wa matawi. Ulikuwa ule mrefu, wa kukatia shina.

Gwamaka aliinamisha kichwa. "Wanapanua barabara, mama."

Atupele alinoa mpaka meno yakang'aa. Kisha akauviringisha mnyororo kwenye kanga yake, akaukumbatia upate joto. Mzee tangu zamani hapendi kuguswa na kitu cha baridi.