Wodi ya Wanunuzi

Fundi friji alikuwa amejikunja nyuma ya friji la mteja, bisibisi mdomoni, simu mkononi, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kununua.

"Fundi, tatizo umeliona?" mwenye nyumba aliuliza kutoka sebuleni.

"Nimeliona, mama. Ni kubwa," alijibu, na hakuwa akizungumzia friji.

Kwenye simu ilikuwa draya ya saluni, ile ya kusimama yenye kofia kubwa, bei imepunguzwa mpaka jioni hiyo tu. Mke wake, msusi, alikuwa akiililia draya ya namna hiyo tangu yake ya zamani ilipoanza kutoa moshi na kuwaunguza wateja masikio. Mmoja mmoja wateja walikuwa wanahamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Bila draya mpya kile kichumba chake cha kusukia kingefungwa, na fundi alilijua hilo vizuri sana.

Pesa alikuwa nayo, na hiyo yenyewe ilikuwa ajabu. Huyu ndiye aliyewahi kuagiza mtandaoni mashine ya kumenya mayai, viatu vinavyowaka taa, na darubini ya kutazamia mwezi, wakati dirisha lao linatazama ukuta wa jirani. Kilichomwokoa ni kundi moja humohumo mtandaoni, Wodi ya Wanunuzi. Humo hakuna aliyejulikana kwa jina lake. Kila mgonjwa alipewa kitanda, na kabla ya kununua chochote alitakiwa aombe ruhusa: aseme ni cha nani na kwa nini leo. Kukitaja chenyewe kulikatazwa kabisa. Siku moja mtu alikuwa ametaja jiko la gesi, wodi nzima ikanunua majiko.

Fundi alikuwa Kitanda Tisa. Aliyemwogopa kuliko wote humo ni Matroni. Alimwazia kuwa jimama la miraba minne, miwani kwenye ncha ya pua. Ndiye aliyemkatalia boti ya kupuliza kwa swali moja tu: "Unajua kuogelea?" Tangu siku ile akiba ikaanza kunona, na fundi akawa hathubutu kununua hata soksi bila idhini yake.

Basi akaandika: "Kitanda Tisa naomba ruhusa. Ni cha mtu wa nyumbani. Anakitamani siku nyingi. Ofa inaisha leo."

Jibu likachelewa. Fundi akawa anagongagonga friji kwa bisibisi, mwenye nyumba asikie kazi inaendelea.

"Samahani, mikono ilikuwa na mafuta," Matroni aliandika. "Huyo mtu wa nyumbani ana mikono?"

"Anayo."

"Anafanya kazi?"

"Anafanya, tena sana."

"Basi ajinunulie! Kitanda Tisa, unachunwa mchana kweupe. Ukimpa hicho leo, kesho atataka gari. Mpelekee maneno matamu, hayauzwi. Ruhusa hakuna."

Wodi nzima ikashangilia. Fundi akaifunga ile picha ya draya roho ikimuuma, akarudi kwenye friji, ambalo kumbe lilikuwa halijachomekwa tu kwenye umeme.

Jioni mke wake alirudi akiwa bado na aproni. Alikuwa mwanamke mpole kupita kiasi. Kuku akiingia sebuleni, yeye humwomba atoke. Zamani naye alikuwa akiagiza mawigi kila wiki, siku hizi ameacha tu, na akiulizwa husema amekua. Leo hata viatu hakuvua. Alikaa kwenye kiti akaanza kulia.

"Draya imekufa, Baba Mapacha. Imelipuka puu! Mteja amekimbilia ng'ambo na nywele zinadondosha maji. Kesho sifungui tena."

Fundi alikumbuka alivyoelekezwa. Akamsogelea, akasafisha koo. "Mke wangu, wewe ni ua la..."

"Maua ya nini saa hizi?"

Fundi akaachana na maneno matamu. Alimpenda mke wake, na kumwona analia namna ile kulimshinda kabisa.

"Pesa ya draya ninayo," alisema. "Nimeiweka kidogo kidogo, nilitaka nikushtukize. Leo mchana nilikuwa nimebakiza kubonyeza tu."

Mke wake akafuta machozi kwa upindo wa aproni. Kwa muda uso ulimng'aa kama siku ya harusi yao. "Sasa kwa nini hukubonyeza?"

"Kuna mtu kwenye simu alinikataza."

"Mtu?" Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mtu gani? Mtu gani huyo mwenye roho ya korosho, wa kumnyima mwanamke mwenzake... maana ni mwanamke, sivyo?"

"Nadhani."

"Nilijua! Amekaa huko hana kazi, anavuruga nyumba za watu! Huyo hajapendwa tangu azaliwe!" Mapacha walichungulia mlangoni, wakarudi chumbani haraka. "Mwandikie! Mwandikie sasa hivi! Mwambie mke wako anamtafuta, na ajitokeze kama ana ubavu!"

Fundi hakuwahi kumwona hivyo. Akaandika: "Matroni, mke wangu anakutaka, na amekasirika mno." Akafumba macho, akatuma.

Ndani ya mfuko wa aproni, simu ikalia.