Vumbi la Kioo cha Nyuma

Mwatime aliandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha nyuma cha gari: Napelekwa Riyadh kesho, mwambie dada yangu.

Kusema na dereva kulikatazwa, na simu ya madam, mwajiri wake, ilitafsiri kila neno la Kiswahili. Ila haikuzijua herufi za zamani, zile za Kiarabu ambazo babu yake kule Pate aliandikia Kiswahili, akitia nukta tatu kila palipohitaji p.

Dereva alikulia Mombasa na hapa Jeddah alipanga mtaa wa Bani Malik, mlango wa pili na dada yake Mwatime. Mwatime aliamini atasoma. Riyadh hakuwa na mtu.

Dereva alikuja, akainama kiooni, macho yakifuata maneno kutoka kulia hadi la mwisho, akavua kofia.

"Hii ni dua, madam. Dada huyu ameniombea safari njema. Haifai kukaa vumbini."

"Mashaallah," madam akasema bila kutazama, mkono wake begani mwa Mwatime.

Dereva hakugusa kitambaa cha kufutia gari. Alifungua chupa yake ya maji ya kunywa, akamimina taratibu kuanzia neno la kwanza, huku akiitikia amina. Nukta tatu zilikawia kidogo, kisha nazo zikateremka.