Chumvi ya Tumpe

Zama hizo mwanafunzi wa chuo kikuu hakuruhusiwa kuahirisha masomo. Nyumbani kukiwa na mgonjwa, chuo kilituma nakala ya mwanafunzi huyo: mashine yenye sura na sauti yake, isiyochoka wala kununa.

Mama yake Tumpe alipopigwa na kiharusi, nakala ikapelekwa Tukuyu kumuuguza. Tumpe alivumilia wiki chache, kisha akafungasha virago, akaenda mwenyewe.

Aliikuta jikoni, imejifunga kanga ya Tumpe, inakoroga maharage.

"Lete mwiko," Tumpe akasema. "Nenda ukakae darasani badala yangu. Ukifeli, shauri yako."

"Kanuni hairuhusu," nakala ikajibu kwa sauti ya Tumpe.

"Kanuni haikunizaa."

Akaunyakua mwiko, akaifungua ile kanga, akaisindikiza nakala hadi barabarani. Akarudi, akamalizia kupika, akaanza kumlisha mama yake kijiko kwa kijiko.

Mama akatafuna polepole.

"Chumvi imezidi, mwanangu. Kama zamani." Akatazama mlangoni. "Yule mwenzako atarudi lini?"

"Harudi," Tumpe akasema, akachota kijiko kingine. "Fungua mdomo, mama."