Kiti cha Kona ya Mwalimu Hedwiga

Jenifer alikuwa amekwisha kataa viti vitatu kabla fundi Jabiri hajamaliza kujipangusa vumbi la mbao mikononi. Cha kwanza kilimbana nyonga. Cha pili kilikuwa na mgongo ulionyooka mno, cha kumkalisha mshtakiwa. Cha tatu alikikalia, akajitikisa, kikatoa mlio, naye akainuka.

"Nyie wa mlimani mna kazi," Jabiri akacheka. "Mnakagua kiti kama mnanunua shamba!"

"Shamba likikataa utalima kwingine," Jenifer akamjibu. "Kiuno kikikataa utakipeleka wapi?"

Kiti walichokuja kutafuta kilikuwa cha Mwalimu Hedwiga, mjane wa kaka yake, aliyesimama pembeni. Tangu astaafu, Hedwiga alikuwa amejitengea kona sebuleni kwake kule Vudee, penye dirisha linalotazama migomba. Alipanga vitabu kwenye rafu, akaweka na kiti chake cha zamani chenye mto. Kila alasiri alijiandaa kusoma, na kila alasiri Jenifer alipiga hodi. Mgeni hawekwi kwenye kigoda na kiti kipo, tena mgeni mwenyewe wifi, dada wa mume! Basi Jenifer akawa anakaa dirishani, Hedwiga kwenye kigoda, kitabu kikibaki rafuni, na mazungumzo yakaenda mpaka kuku wakaingia bandani. Mke gani wa Upareni atathubutu kumwambia wifi yake arudi kwake?

Naye Jenifer asingeacha kwenda. Kwake kulikuwa na benchi na viti vya plastiki vilivyopasuka, na kiuno kilikuwa kikimtesa miaka sasa. Hilo hakumwambia mtu. Kuomba hakukuwa katika tabia yake, hata kwa ndugu.

Kwa hiyo Hedwiga aliposema, "Wifi, ile kona yangu ya kusomea imebakiza kiti kizuri tu, twende Same ukanichagulie," Jenifer alikubali hata kabla hajaambiwa siku. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kiti kikija, atakayekikalia ni mgeni. Hedwiga alikuwa mwembamba mwenye miguu mirefu. Yeye alikuwa mfupi, mnene. Basi kitachaguliwa kinachomfaa Jenifer, na Hedwiga atakimiliki kwa jina. Dhamiri ilimchoma kidogo. Akaiambia itulie.

"Mwalimu," Jabiri akauliza, "mbona wewe hukai ukajaribu?"

"Wifi ndiye kipimo changu," Hedwiga akasema. "Sijaona mtu anayejua kukaa kama yeye."

Jenifer alimwonea huruma. Mtu kasoma vile, na bado anaongozwa kama mbuzi kwenye kamba.

Ndipo Jabiri alipofunua turubai pembeni mwa karakana. Pale palikuwa na kiti cha mninga, kipana, chenye sponji nene, kitambaa cha kijani na mikono mipana ya kuweka kikombe. Jenifer akakaa. Kiuno kilichokuwa kikimlalamikia tangu waliposhuka garini kikanyamaza ghafla. Akafumba macho. Alifurahi hadi machozi yakamlenga, na aliona aibu kulia mbele ya fundi kwa ajili ya kiti.

"Hiki?" Hedwiga akauliza.

"Si kibaya," Jenifer akasema, macho bado kayafumba. "Kwa kusomea kitakufaa. Ila hizi sponji nene wifi, mwanzoni zinataka mtu mzito azilainishe. Nitakusaidia."

"Ahsante. Na ungekuwa umekikalia hivyo, uko peke yako, ungeinuka upesi?"

"Niinuke niende wapi?"

"Na rangi?"

"Kijani hikihiki. Kijani kinapumzisha macho ya msomaji."

Hedwiga akamgeukia Jabiri. "Tufungie."

Clemence, dereva wa pikapu waliyoikodi, aliwafungulia mlango wa mbele wote wawili. Jenifer akakataa katakata. Alidai kiti kitakwaruzika kisipokuwa na mtu wa kukishika, akapanda nyuma, akakishika kwa kukikalia. Walipoacha lami na kuanza kupanda mlima, alikuwa ameegemea kama bibi harusi, kanga inapepea, akiwapungia watu waliotoka sokoni.

"Cha Mwalimu Hedwiga!" aliwajibu waliouliza. "Cha kusomea! Nimemchagulia mimi!"

Moyoni alikuwa anapanga kesho. Angewahi, saa sita hivi, kabla jirani mwingine hajajipendekeza kuja kukiona. Angebeba na magimbi ya kuchemsha, ili ukaaji uwe na sababu. Aliwaza pia kwamba Hedwiga ni mtu mwema, na kwamba watu wema huwa hawaoni mambo.

Walifika langoni kwa Hedwiga. Pikapu haikupunguza hata mwendo.

"Clemence!" Jenifer akagonga paa kwa kiganja. "We Clemence, tumepita! Umesinzia?"

Gari likateremka, likakata kona, likapita shamba la mahindi, likaenda kusimama mbele ya mlango wa Jenifer mwenyewe. Hedwiga akashuka, akazunguka nyuma, akaanza kufungua kamba taratibu.

"Kiti cha kusomea ninacho tangu zamani, wifi," akasema. "Nilikuwa namtafutia pa kukaa yule anayekikalia."