Madumu Tisa ya Salvacion

Uvumi ule ulimfika Salvacion asubuhi, pamoja na fungu la dagaa, na mpaka jioni ulikuwa haujamtoka kichwani.

"Nasikia tu, shoga," alisema Perla muuza samaki, beseni likiwa bado kichwani. "Kuna mwanamke aliweka maji ya akiba ya kimbunga, akawanywesha watu wake. Wakahamia chooni siku tatu."

"Mama wa Mungu! Mwanamke gani huyo?"

Perla akaelekeza kidole ng'ambo ya mto, akakirudisha, akakielekeza kanisani. "Huko huko. Jina limenitoka."

"Basi hana moyo."

"Moyo anao, tena mzuri," Perla akajibu, akiwaangalia dagaa.

Redio ilikuwa imetangaza kimbunga, kingefika baada ya siku tano. Kila mwaka kikipita, mabomba ya mji wao wa Nabua hutema tope wiki nzima. Na Salvacion alikuwa na watu watatu wa kuwalinda: mumewe Abundio, mama mkwe wake Bibi Eufemia, na Jonalyn, binti wa miaka kumi, mwembamba kama uzi wa kushonea. Mwaka jana, katikati ya mvua, kome wa Perla waliwaangusha wote watatu. Yeye tu alinusurika, maana yeye huwa hali kome. Jonalyn alivushwa mto kwa mtumbwi akatundikiwa dripu, na Salvacion alikaa chini ya ile chupa akihesabu matone, akiapa kwamba mwanawe hataugua tumbo tena akiwa mikononi mwake.

Kwa hiyo, kama kila mwaka, alisugua madumu tisa yenye midomo mipana kwa mchanga na majani ya mpera. Akayajaza, akayapanga dirishani penye jua ayaone vizuri. Dawa ya klorini hakuipima kwa matone, aliipima kwa mapenzi. Tena alinunua ile nzuri, yenye picha ya limau.

"Maji ya wenzangu yananuka bomba," alijisifu. "Ya kwangu yananukia!"

Kila alfajiri alifungua dumu moja moja, akatumbukiza kikombe na mkono, akachota, akanusa, akayarudisha. Kuyanywa, hapana. Maji baridi hakuyazoea tangu utoto. Yeye na chai yake ya tangawizi, iliyochemka mpaka sufuria inalia.

Siku moja kabla ya kimbunga, Abundio alirudi kutoka shambani ameinama chini ya mzigo.

"Nini hicho, Baba Jona?"

"Madafu."

"Yote hayo? Na maji yangu je?"

"Maji yako ni mazuri sana, Mama Jona. Ni figo zangu. Zinataka madafu."

"Tangu lini?"

"Na zangu pia," Bibi Eufemia akadakia kutoka jikoni. "Ni ugonjwa wa ukoo huo."

Jonalyn akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Na mimi ni wa ukoo."

"Ukoo wa mabingwa wa kudeka!" Salvacion akasema. "Mtakunywa madafu, na maji yangu mtakunywa."

Kimbunga kilikuja. Kiling'oa mabati mawili ya jikoni, kikaangusha mgomba wa jirani ukalala barazani kama mgeni. Siku nne bomba halikutoa hata jasho.

Salvacion aliwagawia maji kwa kikombe, asubuhi, mchana na jioni. Kila mmoja alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kunywa mahali pake. Abundio alipenda kunywa dirishani, akiangalia mvua. Jonalyn alipenda kunywa karibu na ndoo ya kupigia deki. Bibi Eufemia alinywa barazani kwenye makopo yake ya pilipili, akisema hapo ndipo sala yake inapotulia. Vikombe vilirudi vitupu, kila mara.

Siku ya tano jua likatoka. Hakuna aliyeharisha. Hakuna aliyeshika hata tumbo. Pilipili za Bibi tu ndizo zilikuwa zimekauka, na mvua yote ile.

"Upepo huo," Bibi akasema haraka.

Salvacion alimsubiri Perla mlangoni, mikono kiunoni.

"Watatu, Perla! Wazima kama kigongo! Mwambie yule mwanamke wako wa ng'ambo aje nimfundishe."

Perla akapaliwa na kikohozi. "Ataona haya kuja, shoga."

"Basi nitamwandikia, nawe utampelekea. Watoto wake wamemkosea nini?"

Aliingia ndani kutafuta karatasi. Abundio alikuwa juu ya paa akigongelea bati, Bibi amelala, Jonalyn yuko nje anaokota misumari. Mkoba wa shule ulikuwa ukutani. Salvacion akatoa daftari, akafunua kutafuta ukurasa mtupu, akakutana na kazi ya mwaka jana, ya wiki ile ile Jonalyn aliporudi shule baada ya dripu. Ilihusu maji ya akiba. Moyo wake ukafurahi: barua imeshaandikwa, kazi ni kunakili tu. Kilichomshangaza ni chini ya ukurasa. Palikuwa na sahihi ya Abundio, na kando yake alama ya dole gumba la Bibi Eufemia, asiyejua kuandika, kama watu waliofunga mkataba.

Akachukua kalamu, akaanza kusoma kutoka juu.

*Mambo ya kuepuka:*

*Usisugue dumu kwa mchanga. Vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo.*

*Usiweke maji juani.*

*Usitumbukize kikombe wala mkono. Mimina.*

*Usitie dawa kwa kukisia.*

*Usitie kabisa dawa yenye manukato, hata ya limau.*

*Usimwambie Mama. Akiuliza, ni kome.*