Soketi ya Jikoni

"Pima!" Byron alifoka. "Pima, watu wote waone vile ulimuua baba yangu."

Nchagwa, fundi aliyefunga stima katika nyumba ile, alikuwa amechuchumaa mbele ya soketi ya jikoni, mita yake sakafuni kando yake. Mlango ulikuwa umejaa majirani na watu wa ukoo. Hakuna aliyekuwa amemsalimia.

Mzee Nicodemus, baba yake Byron, alifia hapo hapo. Stima ilikuwa ndiyo kwanza imewashwa katika boma lao, nje kidogo ya mji wa Migori. Asubuhi ile mzee alitoa jiko la stima ambalo Byron alimletea Krismasi, akalichomeka, akawasha, akangoja. Jiko halikushika moto. Akiwa miguu mitupu kwenye simiti yenye maji, akaligusa kwa kiganja aone kama limeanza hata kupata joto.

Byron alipofika kutoka Thika, swali lake la kwanza lilikuwa jina la fundi. Jiko lenyewe hakuliona. Mama yake, Helen, alisema amelitumbukiza katika shimo la choo. Asingeweza kulitazama tena.

Nchagwa alikuwa ameanza na soketi ya sebuleni, ile ya redio, ili ajue mita yake haidanganyi. Sasa alizima mein swichi ya nyumba nzima, akafungua skrubu za soketi ya jikoni na kuivuta mbele. Akazikagua nyaya za mita polepole, aone kama mpira wake umepasuka popote. Akageuza swichi ya mita hadi kipimo cha juu kabisa cha volti. Kisha akavaa viatu vya raba.

"Ati viatu!" Byron akawageukia watu. "Mnaona? Yeye anajua kuogopa. Baba hukumpa viatu, fundi. Baba ulimwachia kifo ukutani."

Watu wakanguruma. Mmoja wa ami zake akasema afadhali huyu mtu apelekwe polisi akiwa bado ana miguu ya kutembea.

Nchagwa alibana waya mweusi wa mita kwenye erthi, ule waya wa kwenda ardhini. "Washa mein," alisema.

Mtu akawasha. Nchagwa akaweka mkono wa kushoto mgongoni. Kwa mkono wa kulia akashika ule waya mwekundu wa mita, vidole mbali na ncha ya chuma, akagusa upande wenye moto. Mshale ukaruka hadi mia mbili na arobaini. Akagusa upande wa pili. Mshale ukarudi, ukalala kwenye sifuri, kama ilivyokuwa sebuleni. Akarudia tena, taratibu, kama mtu ambaye hasikii matusi yanayomwagwa kichwani mwake.

"Haya, inasema nini?" Byron aliuliza. "Sema! Au sasa huwezi kusoma?"

Nchagwa alizima mein, akainuka. Mshipa ulikuwa umemtoka shingoni. Alitazama nyuma ya bega la Byron, mpaka pale Helen alipokuwa amesimama, ncha ya leso mdomoni. Alimtazama kwa hasira iliyomfanya mama yule ainamishe kichwa.

"Inasema kosa ni langu," alisema.

Kofi la kwanza lilimpata kabla hajafunga mdomo. La pili lilimwangusha. Byron aliiokota mita, akaipigiza ukutani hadi kioo kikatawanyika, akalipiga teke sanduku la vifaa likaviringika uani, koleo na bisibisi zikimwagika matopeni.

"Muuaji! Ukionekana tena na koleo Migori hii, nitakukata huo mkono!"

"Byron, inatosha!" Helen alilia. "Amekubali. Mwache aende."

Watu wakasema mama yule ana moyo wa ajabu. Nchagwa aliokota vifaa vyake huku wakimtemea mate karibu na vidole.

Habari zilifika kwao Isebania kabla yake. Mwenye duka aliyekuwa amempa kazi ya kufunga stima alimtuma mtu aseme asije tena. Naye mke wa Nchagwa, Marcella, alimngoja mlangoni.

"Nyumba zote ulizofunga, nani amewahi kurushwa na stima?" alimuuliza. "Ulikubali kwa nini? Wanao watakula nini, huko kukubali kwako?"

Nchagwa alichukua jembe akaenda shambani. Alilima kama anayeipiga ardhi. Siku zote za matanga, kila alipoulizwa, alirudia jembe.

Baada ya mazishi, Byron aliporudi Thika, Helen alikuja. Alikuja peke yake, mchana, viatu vimejaa vumbi. Marcella alimwona kutoka jikoni, akatoka na mwiko mkononi.

"Rudi ulikotoka, mama!" alimwambia. "Mnataka nini tena kwetu? Mwanao alimpiga mume wangu mbele ya watu kama mwizi wa ng'ombe. Na wewe ulisimama hapo ukitazama!"

"Nilisimama," Helen alisema.

"Basi sema kilichokuleta, uende!"

Helen akakaa chini uani, kwenye vumbi, mama mzima mwenye mvi.

"Mimi ndiye niliyemwomba akubali, kabla Byron hajafika," alisema. "Lile jiko lilinunuliwa bila plagi, mwanangu. Byron aliifunga mwenyewe, akakosea nyaya, pale mezani, mimi na baba yake tukimsifu."