Kitunguu Kisichoota

Tabu alishamwambia kila mteja sokoni kwamba vitunguu vya Nyamizi, jirani yake na muuzaji mwenzake, vimepigwa mionzi, ni sumu tupu. Vyake viliota majani mezani, vya Nyamizi vikabaki vigumu, vinang'aa kama vimetoka shambani jana. Wivu ukamshika. Akaiba kimoja, akakizika nyuma ya jiko lake ili apate mbegu ya vitunguu visivyozeeka. Kila alfajiri alikimwagilia maji. Wapi!

Asubuhi moja alikuwa amepiga magoti akikifukua, Nyamizi akachungulia kwenye ua wa matete.

"Mwenzangu, hicho si changu?"

Tabu akakosa pa kuficha mikono.

"Hakiwezi kuota," Nyamizi akasema, wala hakukasirika. "Mionzi inaua chipukizi tu, sumu haiachi. Vitunguu hivyo hivyo ndivyo ninavyowapikia wanangu. Ungeniomba, ningekupa kikapu kizima."

Hilo la kikapu ndilo lililomchoma zaidi.

Nyamizi alipoondoka, Tabu akakipangusa kitunguu udongo. Kilikuwa kigumu bado, kizuri cha kuudhi. Jikoni mafuta yalishapata moto. Akachukua kisu, na machozi yakamtoka kabla hajakikata.